Mfuko Tumboni, Ndizi Miguuni

Kwa majuma kadhaa ya masika yale, kila asubuhi, nilijifunika uso kwa kanga ya mke wa mwanangu. Nililala chali, fulana nimeipandisha hadi kifuani, kanga imenifunika kuanzia paji la uso hadi kidevuni, na chini ya kanga nilifumba macho pia, kana kwamba kitambaa peke yake hakitoshi. Nilisikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Nilisikia mikono yake ikifanya kazi tumboni kwangu. Hatukusemezana. Alipomaliza alisema, "Tayari, Taata," yaani baba kwa Kihaya, akatoka na beseni, nami nikasubiri mlango ufungwe ndipo nikafunua uso.

Naanzia hapo kwa sababu huenda wewe unayesoma uko hapo hapo sasa hivi. Mambo ya daktari utaelezwa na daktari. Mimi nitakueleza yale ambayo hakuna aliyenieleza.

Naitwa Vedasto. Ni mkulima wa Buganguzi, wilayani Muleba: migomba, kahawa, na maharage katikati ya migomba. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki. Mwanangu wa kwanza, Projestus, ni dereva wa lori, anaishi Hamugembe, Bukoba mjini, pamoja na mkewe Adelina na watoto wao. Kabla sijaugua watu walinijua kwa drafti, ambayo nilicheza kila nilipofika mjini, na kwa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, ambayo kwenye ukoo wetu ni mimi niliyekuwa nikiikamua kila Noeli, kama baba yangu alivyofanya. Nilikuwa mtu wa nguo safi na viatu vilivyopigwa rangi. Nataka ulijue hilo ili uelewe nilianguka kutoka wapi.

Ugonjwa ulianzia chooni. Niliona damu, nikanyamaza. Nilianza kukonda, nikapunguza mkanda. Mwanangu aliponiuliza nilisema ni vidonda vya tumbo, maana vidonda vya tumbo vinasemeka mbele za watu. Siku tumbo lilipovimba na kugoma kabisa, hakuna kilichopita, hata upepo, Projestus alinibeba kwenye lori lake mpaka hospitali mjini. Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa mjukuu wa mtu. Aliponiuliza habari za choo nilimtazama mwuguzi wa kiume aliyesimama pembeni, nikamjibu yule. Nikipata nafasi ya kurudi nyuma, ningemjibu binti yule siku ya kwanza nilipoona damu. Hilo ndilo shauri pekee la kitabibu utakalolipata kwangu.

Walinipasua. Nilipozinduka mvua ilikuwa ikipiga mabati na upande wa kushoto wa tumbo langu kulikuwa na mfuko wa plastiki umegandishwa kwenye ngozi. Ndani ya mfuko kulikuwa na kitu chekundu, kibichi, kama mdomo. Binti yule alinieleza polepole. Uvimbe ulikuwa kansa, wameuondoa, na njia ya chini ya haja kubwa imefungwa. Tangu siku hiyo choo kitatokea pale, mfukoni.

"Mpaka lini?" nikamwuliza.

"Ndivyo itakavyokuwa, babu. Kwa maisha yote."

Niligeukia ukutani. Nilichowaza kwanza si kufa. Niliwaza nani ataniosha.

Siku ya tatu au ya nne mwuguzi alikuja na kopo la maji, pamba na mfuko mpya. Akasema kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia, "Haya, ndugu wa mzee Vedasto nani? Aje ajifunze kubadilisha." Projestus alikuwa safarini Kahama. Aliyekuwepo ni Adelina, mlangoni, na chupa ya uji mkononi, macho chini.

Kwa malezi niliyokulia, baba mkwe na mkaza mwana wana mpaka wao. Hukai naye kitanda kimoja hata kwa kuegemea. Hakuoni ukiwa kifua wazi. Akikuletea maji anapiga magoti, na wewe unatazama pembeni. Sasa mwuguzi ananiambia nifunue tumbo mbele yake, na tumbo lenyewe ndilo lile.

"Toka nje, mama," nikamwambia Adelina. Akatoka.

Mwuguzi aliniambia basi nibadilishe mwenyewe. Nikajaribu. Nikabandua mfuko kwa pupa, na vyote vilivyokuwemo vikanimwagikia, vikaingia kwenye shuka na kwenye bandeji ya mshono. Mgonjwa wa kitanda cha pili akavuta blanketi puani. Nililia. Mtu mzima, nina wajukuu, nililia mbele ya wodi nzima huku nimeshika mfuko mtupu.

Adelina alirudi bila kuitwa. Alifungua kanga ya juu aliyojifunga, akaikunjua, akaniwekea mkononi.

"Taata, jifunike uso," alisema kwa Kihaya, taratibu. "Mimi nitaangalia jeraha. Wewe sitakuangalia."

Hivyo ndivyo tulivyoanza.

*

Nilipotoka hospitali hawakunirudisha Buganguzi. Nilipewa chumba cha nyuma pale Hamugembe, dirisha linatazama migomba michache na ua wa jirani. Dawa za kansa zilikuwa Mwanza, kila baada ya majuma matatu. Projestus alipanga safari zake za lori zikwepe safari zangu, na alipoteza mizigo mingi kwa ajili hiyo, ingawa hakuwahi kulitaja.

Nikueleze mwili unavyokuwa. Dawa inaingia kwa dripu, unakaa kwenye kiti siku nzima pamoja na wenzako, kila mmoja na chupa yake inaning'inia. Ukirudi nyumbani kinywa kinakuwa na ladha ya msumari. Vidole vinakufa ganzi, na ukigusa kitu cha baridi vinachoma kama umeshika nyaya za umeme. Nyayo vilevile. Nilikanyaga sakafu asubuhi nikadhani imetandazwa misumari. Mfuko nao una tabia zake. Hauombi ruhusa. Unanguruma wenyewe, na huwezi kuubana kama watu wengine wanavyojibana. Mara ya kwanza niliporudi kanisani ulinguruma wakati wa mageuzo, kanisa lote limenyamaza, kengele imeshapigwa. Mwanamke wa mbele yangu aligeuka. Sikusubiri baraka. Na sikurudi tena kwa muda mrefu.

Huko nje, kwenye baraza la jirani, kulikuwa na Mzee Shaabani. Huyu ni rafiki yangu wa miaka mingi. Babu yake alitoka pwani akaja Bukoba na biashara ya ngozi, na ukoo wao ukabaki. Yeye ni Mwislamu wa sala tano, mimi Mkatoliki, na tulichoabudu pamoja ni drafti. Ubao wake ameupaka mwenyewe, kete ni vizibo vya soda, za kwake zimetazama juu na zangu zimetazama chini. Kutoka chumbani nilisikia vile vizibo vikigongwa juu ya ubao, na nilijua kwa mlio tu ni nani amekula na ni nani ameliwa.

Alikuja kunitazama. Nikamwambia Adelina aseme nimelala. Akaja kesho yake, nimelala. Akaja tena baada ya sala ya Ijumaa na kanzu yake nyeupe, na mimi nikiwa nyuma ya pazia nilimsikia Adelina akisema kwa aibu yangu, siyo yake, "Amelala, babu."

"Huyu mtu analala kuliko maiti," Mzee Shaabani akajibu, akaondoka.

Nilidhani amekata tamaa. Lakini siku moja, jua la kiangazi limeshaanza kuwaka, nikasikia kitu kinaburuzwa nje chini ya dirisha langu. Kisha kiti. Kisha pumzi za mzee anayekaa kwa shida. Kisha vizibo vikimwagwa juu ya ubao.

"Vedasto," sauti ikasema nyuma ya pazia, "sijaja kukuangalia. Nimekupangia kete zako. Wewe sema tu nisogeze ipi."

Nilivuta shuka hadi kidevuni, naye hakuondoka. Mwishowe nikasema, "Ya pembeni kulia. Mbele."

Tukacheza hivyo, mimi kitandani na yeye uani, pazia katikati. Nilikuwa nauona ubao kichwani. Nakwambia kweli, ile saa moja sikuukumbuka mfuko hata kidogo, mpaka ulipojikumbusha wenyewe. Ulitoa mlio mrefu, wa kudhalilisha, katikati ya ukimya wa kufikiri. Damu ilinipanda masikioni. Nilitaka kumwambia aondoke na ubao wake. Nje vizibo havikugongwa. Nikasubiri acheke, au aseme pole, na sijui lipi lingeniumiza zaidi.

"Zamu yako," Mzee Shaabani akasema.

Basi. Hakuongeza kitu. Nikataja kete nyingine, akaisogeza, na mwisho akanishinda bila huruma. Alirudi siku iliyofuata na nyingine nyingi baada yake. Ilichukua muda kabla sijalifungua pazia, na nilipolifungua vidole vyangu vilikuwa na ganzi kiasi kwamba vizibo vilinidondoka, akawa ananisogezea vilevile. Ndugu msomaji, kama una rafiki wa namna hii usimwambie umelala.

*

Katikati ya dozi walinipeleka Buganguzi nikapumue. Huko nilikuwa na mbwa wangu, Polisi, mbwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limekatika. Jirani alikuwa akimlisha. Nilishuka kwenye gari, majirani wamejipanga kunipa pole, na Polisi akaja mbio, akanizunguka, akasimama kwa miguu ya nyuma na kuingiza pua yake moja kwa moja upande wa kushoto wa tumbo langu. Akanusa. Nikamsukuma, akarudi. Akanusa tena kwa bidii, mkia unacheza, kama aliyepata mfupa. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamziba mdomo, na kila mtu pale akajua ni wapi pa kuangalia.

Niliingia ndani nikajifungia. Polisi alilala mlangoni mpaka asubuhi. Nilipofungua aliinuka akanisalimu kama jana, kwa pua ileile, mahali palepale. Hapo nikaelewa kwamba mbwa yule hakuwa na habari kwamba ile ni aibu. Kwake ilikuwa ni mimi tu, nimeongezeka harufu. Nilimwacha anuse mpaka akatosheka. Kisha tukaingia shambani.

Kibanja kilikuwa kimechoka kama mimi. Majani makavu yamening'inia, miche midogo imesongamana. Nilikatazwa kuinua mzigo, lakini kisu cha kukatia majani ni chepesi. Nilikata jani moja, nikapumzika, nikakata lingine. Polisi akafukua panya. Jua lilipochomoza vizuri nilikuwa nimesafisha mashina machache, na nikatazama nyuma nikaona tofauti. Hiyo ikawa kazi yangu kila nilipokuwa Buganguzi, mashina machache, mimi na mbwa. Kwa muda huo wa asubuhi nilikuwa mtu mwenye kibanja. Wageni walipotokea njiani nilijificha nyuma ya migomba mpaka wapite.

*

Sasa nikueleze safari ya basi, ambayo ningependa kuiruka.

Ilikuwa baada ya dozi ya tano, tunarudi kutoka Mwanza. Nilikuwa na desturi ya kujinyima chakula kabla ya safari ili mfuko uwe mtupu, lakini siku hiyo nesi alinilazimisha kula kwa sababu nilikaribia kuzirai. Katikati ya safari nikahisi joto likitiririka kwenye nyonga. Gundi ilikuwa imeachia. Nikabana mkono juu ya shati, lakini harufu haibaniki. Madirisha yakaanza kufunguliwa, moja, lingine. Mwanamke wa nyuma akasema kwa nguvu, "Jamani, nani ana mtoto hajambadilisha? Tunakufa humu!"

Watu wakageuka kutafuta mtoto. Hakukuwa na mtoto.

Projestus akasimama. Mwanangu ni mtu mrefu, anaheshimika barabarani, madereva wengi wanamjua. Akasema, "Samahani, mama. Ni mimi. Nimekanyaga uchafu stendi." Akavua kiatu chake, akakitia kwenye mfuko wa rambo, akakifunga, na akakaa chini na soksi moja. Watu wakamcheka. Kondakta akamtania mpaka Muleba. Yeye akacheka nao, na mkono wake mwingine alikuwa ameufunika mkono wangu juu ya shati lililolowa.

Nilipofika Hamugembe nilisema, "Siendi tena Mwanza."

"Zimebaki dozi tatu, Taata," Projestus akasema.

"Zibaki."

"Daktari amesema..."

"Daktari hakukaa kwenye basi lile! Nimekuzaa mimi ili ujipake mavi yangu mbele za watu?"

Adelina alikuwa mlangoni na sahani. Hakuingia. Projestus akaongea kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu.

"Kwa hiyo tukuzike kwa sababu ya harufu? Nikiulizwa msibani niseme baba alikufa na nini? Na aibu?"

Hakuna aliyekula usiku huo. Kwa siku nyingi mwanangu alipita mlangoni kwangu akasalimu bila kusimama. Tarehe ya dozi ilifika ikapita, na iliyofuata ikapita. Senene wakaja na mvua za Novemba, watu mjini wakakesha na taa kuwakamata, na asubuhi nyumba nzima ilikaa chini kuwanyonyoa mbawa na miguu, wakicheka. Niliwasikia kutoka chumbani. Adelina aliniletea sahani, wamekaangwa vizuri, wana chumvi. Nikala peke yangu.

*

Noeli ilitukuta Buganguzi, kama kila mwaka. Ndugu walianza kufika. Dada yangu mkubwa, Paskazia, alifika akitembelea fimbo. Mdogo wangu Leopold alifika na mkewe. Ndizi za pombe zilikuwa zimekwisha kuivishwa kwenye shimo, zimefunikwa kwa majani, na nyasi zimekatwa. Gogo letu la kukamulia, lililochongwa kama mtumbwi na baba yetu, lilikuwa limeshaoshwa na kuinamishwa juani. Kilichobaki ni miguu ya kuzikanyaga ndizi.

Nilikuwa nimemwambia Leopold akamue yeye.

"Leopold anakanyaga kama anaua siafu," dada Paskazia akasema mbele ya kila mtu. "Mwaka ule baba alipougua akakamua yeye, tulikunywa nyasi. Vedasto yupo, atakamua Vedasto."

Nikasema miguu ina ganzi. Ilikuwa kweli, ingawa siyo sababu. Nikainuka kwenda nyuma ya jiko kuchukua maji, na hapo ndipo nilipomsikia mke wa Leopold akimwambia mwanamke mwingine ndani ya jiko, kwa sauti ya chini, "Na ule mfuko? Juu ya kinywaji cha watu? Mimi sinywi."

Sikuchukua maji. Niliingia migombani nikaenda mpaka mwisho wa kibanja, kwenye mikahawa, nikakaa chini. Polisi alikuja akalala miguuni pangu. Sikumkasirikia yule mwanamke. Alisema kile ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nikijiambia tangu masika. Hilo ndilo lililouma.

Adelina alinifuata. Alisimama mbali kidogo, kwa heshima, na tofauti na siku zote hakutazama chini.

"Taata, nimesikia alichosema. Nilikuwa jikoni."

Nikampapasa Polisi kichwani.

"Nataka kukuuliza kitu, na usinikasirikie. Katika nyumba hii nani anajua usafi wako kama mimi?"

"Hakuna," nikasema.

"Mimi ndiye ninayeosha. Ninajua ngozi yako ilivyo. Watu wote waliopo hapa wanatoka chooni wananawa vidole viwili tu, wewe unaoga mzima. Kama kuna mtu anayestahili kuingia kwenye gogo lile ni wewe." Akasogea hatua moja. "Nimechoka kuleta chakula kwenye chumba chenye giza. Projestus amechoka. Hatujachoka na mfuko, Taata. Mfuko ni kazi ndogo. Tumechoka kwa sababu wewe hupo."

Nilimtazama yule binti. Miezi yote ile nilikuwa sijawahi kumtazama usoni. Ana kovu dogo juu ya jicho. Nilikuwa silijui.

"Utanifunga vizuri?" nikamwuliza.

"Nitakufunga kama mtoto wa mgongoni."

Tukaingia ndani. Nilisimama wima, macho wazi. Akaweka mfuko mpya, akauzungushia kitambaa cha pamba, akakaza kwa kanga pana mpaka nikashindwa kupumua, nikacheka, naye akacheka. Nikaosha miguu kwa sabuni mpaka kwenye magoti. Kisha nikatoka na bukta mbele ya ukoo wote, tumbo limefungwa, miguu imekonda kama ya korongo, na naapa kwamba kila hatua kutoka mlangoni hadi kwenye gogo niliona aibu. Sikutoka kwa sababu aibu imekwisha. Nilitoka nayo.

Projestus alinipa bega. Nikaingia.

Ndizi zilizoiva zina ubaridi, na nyayo zangu zilichoma vibaya mwanzoni, nikauma meno. Nikakanyaga, nikazisukuma na nyasi mbele, nikazivuta nyuma kwa visigino. Taratibu miguu ikaanza kukumbuka yenyewe. Ndizi zikalegea, zikawa povu, harufu tamu ikapanda, na ilikuwa imepita muda mrefu sana tangu harufu ya kwanza niliyoisikia mahali iwe siyo yangu. Dada Paskazia alimimina maji kidogo kidogo akinielekeza kana kwamba mimi ni mwanafunzi. Leopold akaanzisha wimbo wa kukamulia, na sauti za wanaume zikaingia. Nikakanyaga mpaka jasho likanitoka mgongoni. Mara Projestus, aliyekuwa hajaongea nami vizuri tangu Oktoba, akanong'ona, "Taata, polepole, utatuvunjia gogo."

Maji matamu yalipochujwa, kibuyu kilipitishwa waonje kabla ya kuchanganywa mtama na kufunikwa. Nilishuka nikakaa, nikatazama kibuyu. Mke wa Leopold aliketi na kinywa amekifunga. Kwa kawaida wanaonja wazee kwanza. Adelina alipiga magoti mbele ya dada Paskazia, akakiomba, na mbele ya baba mkwe wake na ukoo wote akanywa, kwa muda, mpaka akavuta pumzi.

"Mwaka huu ni tamu," akasema.

Kibuyu kikaendelea. Walikunywa wengi. Mke wa Leopold alikipokea akampa wa pili bila kuonja, na mjomba mmoja pia. Niliwaona. Sitakudanganya kwamba walikunywa wote. Iliniuma na bado nakumbuka ni akina nani. Lakini nilikaa palepale, kwenye kigoda changu, na sikuingia ndani.

*

Januari nilirudi Mwanza. Daktari alinigombeza kwa muda niliopoteza, na alikuwa na haki. Nilimaliza dozi zilizobaki kabla ya masika kuisha. Safari moja gundi iliachia tena. Nilimwambia kondakta mwenyewe, "Nina mfuko wa ugonjwa, nisaidie kusimamisha," akasimamisha, nikabadilisha nyuma ya gari. Mashavu yaliniwaka mpaka Bukoba.

Siku hizi vipimo vinatoka visafi. Ganzi imebaki kwenye vidole viwili vya mguu. Nabadilisha mfuko mwenyewe, isipokuwa nikiwa na homa. Drafti nacheza barazani, Mzee Shaabani bado ananishinda. Kanisani nakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na ukinguruma unanguruma. Aibu haijaondoka. Nilidhani siku moja nitaamka nisiione. Inapungua, inarudi, lakini haiamui tena niende wapi.

Mwezi uliopita nilikuwa kliniki Bukoba. Benchi lilikuwa limejaa watu, isipokuwa mwisho wake kulikuwa na nafasi kubwa, na katika nafasi hiyo mwanamume mmoja mnene, mchuuzi wa samaki kwa mavazi yake, amekaa peke yake. Mkono wake ulibana shati upande wa kushoto. Watu walikuwa wamesogea mbali naye, na alikuwa akitazama sakafu. Nilijua kwa nini, pua yangu ilinieleza.

Nilisimama kidogo. Ningeweza kwenda kukaa na wale wengine, nilikuwa nimevaa vizuri na hakuna aliyenijua. Nikaenda nikakaa karibu naye, bega kwa bega. Akajivuta pembeni.

"Mzee, usikae hapa," akasema chinichini. "Nakuomba. Nanuka."

Watu walikuwa wakitutazama. Masikio yangu yalikuwa ya moto kama siku ile ya wodini. Nikaushika mkono wake uliokuwa juu ya shati, nikauweka juu ya tumbo langu, ausikie ule mfuko chini ya kitambaa.

Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Na wewe?"

"Na mimi," nikasema. "Sogea huku."